London hadi Paris: kilomita zisizokubaliana, na treni inayoonekana kurudi haraka kuliko ilivyokwenda

*"Ndugu mtaalamu, mwezi wa Mei nitakwenda London kumtembelea dada yangu anayeishi Barking. Wakati huo huo binti wa mama yetu mdogo anaolewa Paris. Ukumbi uko Saint-Denis na sherehe inaanza saa nane na nusu mchana. Nataka niende na kurudi siku hiyo hiyo. Nimetafuta umbali nikachanganyikiwa: mahali pamoja wameandika kilomita 344, pengine 460, pengine 492. Treni inasemekana huchukua saa mbili na robo, lakini ratiba niliyotumiwa inaonyesha kuondoka 10:31 na kufika 13:50, ambayo kwa hesabu yangu ni saa tatu na dakika kumi na tisa. Kurudi ni 18:12 hadi 19:30, yaani saa moja na kitu tu! Tena dada kwenye simu ameiita treni ya saa kumi na nusu. Mfanyakazi mwenzangu anasema ndege ni saa moja na robo, nisijisumbue na treni. Shemeji naye anasema ana gari, tutaendesha wenyewe kwenye lile handaki la chini ya bahari, kilomita 460 si kitu. Nimsikilize nani? Viza ya Uingereza ninayo tayari."*

Dada, ndani ya swali lako mmejificha maswali manne au matano, na lile ulilolitaja mwishoni kama jambo lililokwisha ndilo litakaloamua kama utakula pilau ya harusi hiyo au utaiona kwenye picha. Nitalifikia. Tuanze na kilomita, kwa kuwa hapo hakuna aliyekudanganya. Namba zote tatu ni sahihi, ila kila moja inapima njia yake.

Kilomita 344 ni umbali wa mstari mnyoofu, kana kwamba umevuta uzi juu ya tufe kutoka katikati ya London hadi katikati ya Paris. Hata hiyo "katikati" ina mahali pake maalumu: London hupimwa kutoka Charing Cross, kwenye sanamu ya Mfalme Charles wa Kwanza akiwa juu ya farasi, na Wafaransa hupima barabara zao kutoka alama iliyowekwa chini, kwenye uwanja ulio mbele ya kanisa kuu la Notre-Dame. Ukiufuata uzi huo, utaiacha Uingereza karibu na mji wa Hastings, utakata kama kilomita 100 za bahari, kisha utaingia Ufaransa kati ya miji ya Dieppe na Le Tréport. Hapo hapana daraja, handaki wala reli. Namba hiyo inamfaa rubani, na hata yeye haifuati sawasawa, kwa sababu ndege huongozwa kwenye njia zilizopangwa angani na huzunguka kidogo zinapopaa na zinapojiandaa kutua.

Kilomita 492 ni urefu wa reli kutoka stesheni ya St Pancras, London, hadi Gare du Nord, Paris. Reli imerefuka kwa sababu inapinda mara mbili. Kwanza inakwenda kusini-mashariki kupitia Kent hadi Folkestone, kwa kuwa huko ndiko bahari ilikobanwa: kutoka Dover hadi rasi ya Gris-Nez upande wa Ufaransa ni kama kilomita 33 tu. Handaki lenyewe lina urefu wa kilomita 50.5, na karibu 38 kati ya hizo ziko chini ya bahari. Linatokea Coquelles, kando ya Calais. Ukishatoka hapo ungetegemea treni igeuke moja kwa moja kusini kuelekea Paris, lakini inaendelea mashariki mpaka Lille, mji ulio mashariki zaidi kuliko Paris yenyewe, ndipo iteremke. Reli hiyo ya mwendo kasi ya kaskazini mwa Ufaransa, iliyofunguliwa mwaka 1993, ilijengwa ihudumie Lille na itoe tawi la kwenda Brussels, kwa hiyo msafiri wa Paris analipa mzunguko uliowekwa kwa faida ya wengi. Mapindo hayo mawili ndiyo yanayoongeza kilomita 148 juu ya ule uzi wetu.

Kilomita 460, zikipungua au kuzidi chache, ni za barabara, ukijumlisha na kipande cha kuvuka bahari. Barabara kwa hakika ni fupi kuliko reli, maana kutoka Calais haina haja ya kupitia Lille. Hata hivyo njia hiyo fupi ndiyo inayochelewa, jambo ambalo shemeji atapaswa kulitafakari kabla hajaweka mafuta.

Sasa muda. Treni za Eurostar zilizo za haraka kabisa hutumia saa 2 na dakika 16 kati ya miji hiyo miwili, na nyingine huzidi kwa dakika chache. Gawanya kilomita 492 kwa muda huo utapata wastani wa karibu kilomita 217 kwa saa. Juu ya ardhi, pande zote mbili, treni hufikia kilomita 300 kwa saa, lakini ndani ya handaki hupunguza hadi 160, ambayo ndiyo kasi ya juu ya treni yetu ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Kwa hiyo kama umewahi kuipanda hiyo ikiwa imechanganya, unajua tayari mwendo wa chini ya bahari ulivyo. Utakaa gizani kama dakika 20, dirisha likikurudishia uso wako mwenyewe, na hakuna samaki wa kutazama. Nasema hivi kwa kuwa kuna watu wazima ambao wameniuliza.

Ukikuta mahali pameandikwa saa tatu, fahamu kwamba huenda ni maelezo ya zamani. Handaki lilifunguliwa rasmi tarehe 6 Mei 1994 na Malkia Elizabeth wa Pili pamoja na Rais François Mitterrand, na treni za abiria zikaanza Novemba mwaka huo, lakini upande wa Uingereza zilikuwa zikipita kwenye reli za kawaida hadi stesheni ya Waterloo, zikijipenyeza katikati ya treni za wafanyakazi wa mjini. Safari ilikuwa ya saa tatu hivi. Sehemu ya kwanza ya reli mpya ya Uingereza ilifunguliwa mwaka 2003, na iliyobaki tarehe 14 Novemba 2007, siku ambayo treni zilihamia St Pancras na safari ikashuka hadi saa mbili na robo. Tangu hapo haijafupishwa tena.

Basi kama treni ni saa mbili na robo na ushei, zile saa tatu na dakika kumi na tisa kwenye ratiba yako zimetoka wapi? Zimetoka kwenye ukuta wa saa, kama naweza kuuita hivyo, unaopita katikati ya bahari ile. Kila saa inayoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika: ya kuondoka inafuata London, na ya kufika inafuata Paris. Paris iko mbele ya London kwa saa moja kamili. Treni yako ikiondoka 10:31 za London, Paris tayari ni 11:31. Hesabu kutoka hapo hadi 13:50, utapata saa 2 na dakika 19. Wakati wa kurudi ukuta huo huo unakulipa ulichokopwa: ikiondoka Paris 18:12, London ni 17:12, na kutoka hapo hadi 19:30 ni saa 2 na dakika 18. Treni haikimbii zaidi ikirudi. Jumlisha muda wa ratiba wa kwenda na wa kurudi, gawa kwa mbili, na utauona muda wa kweli umetulia hapo katikati.

Tofauti hiyo haibadiliki kwa majira. Miji yote miwili husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa dakika ile ile moja, kwa hiyo pengo hubaki saa moja mwaka mzima. Kinachobadilika ni umbali wao wa saa na sisi tusiosogeza chochote. Mwezi wa Mei, saa za Afrika Mashariki zitakuwa mbele ya London kwa saa mbili na mbele ya Paris kwa saa moja. Desemba ingekuwa tatu na mbili.

Kinachofurahisha ni kwamba jua halihusiki sana na pengo hilo. Kwa mwendo wa jua, Paris imeitangulia Greenwich kwa dakika 9 na sekunde 21 tu, na kwa miaka mingi kabla ya Vita vya Pili saa za miji hiyo miwili zilikuwa karibu sawa. Juni 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoiteka Paris, saa za mji zilisogezwa zifuate Berlin, na vita vilipokwisha Ufaransa ikabaki na mtindo huo. Kwa hiyo ile saa moja iliyokuchanganya kwenye ratiba haikuletwa na jiografia.

Hapa kuna mtego nilionaswa mimi mwenyewe, nao ndio ninaouogopea kuliko mengine kwa mtu anayekwenda na kurudi siku moja. Nilikwenda Paris kwa kazi ya siku moja nikiwa na saa ya mkononi niliyoirekebisha London, na simu nilikuwa nimeizima nisitumie mtandao wa kigeni kwa bei ya ajabu. Jioni nikaitazama saa yangu, nikaona nina zaidi ya saa nzima, nikaagiza kahawa. Nilipofika Gare du Nord, treni yangu ilikuwa imeondoka dakika tano zilizopita. Hakuna wa kumlaumu. Saa ya mkono wangu ilikuwa sahihi kabisa, ila haikuwa ya mji niliokuwa nimekaa. Ukienda London kutoka Paris kosa hilo hukupa saa ya ziada bure. Ukiwa Paris na saa ya London, hukunyang'anya treni.

Na hiyo "saa kumi na nusu" ya dada yako ni ugonjwa wa ndugu zetu waliokaa Ulaya miaka mingi. Wanasoma 10:31 kwenye simu na kuitamka kwa Kiswahili kama ilivyoandikwa, wakati sisi tuliobaki nyumbani tukisikia saa kumi na nusu tunafikiria jua linaelekea kutua. Treni hiyo ni ya saa nne na nusu asubuhi, na inafika saa nane kasoro dakika kumi mchana. Ile ya kurudi inaondoka saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili jioni na kufika saa moja na nusu usiku. Mkubaliane kwamba mkiongea juu ya safari hii mtazitaja saa kama zilivyo kwenye tiketi, kwa tarakimu, au zote kwa Kiswahili. Msichanganye.

Sasa tupime siku yako yenyewe, tangu mlangoni hadi mlangoni. Kutoka Barking utapanda treni ya mjini ya Hammersmith & City, ambayo inakwenda bila kubadilisha mpaka King's Cross St Pancras; pamoja na kutembea na kusubiri weka dakika 50. Milango ya Eurostar hufungwa dakika 30 kabla ya treni kuondoka, na kufungwa kwake ni kufungwa kweli. Kabla ya milango hiyo kuna ukaguzi wa mizigo na kuna askari wa mpaka wa Ufaransa, kwa sababu nchi hizi mbili zimekubaliana kwamba kila moja ikague watu kwenye stesheni ya mwenzake. Kwa mwenye pasipoti ya kwetu mimi hushauri kufika dakika 90 kabla. Hivyo kwa treni ya 10:31 unatoka nyumbani saa mbili na dakika kumi asubuhi. Faida ya mpango huo ni kwamba ukishuka Paris hukaguliwi tena: unatembea moja kwa moja hadi kwenye treni ya RER D, ambayo kituo chake cha kwanza baada ya Gare du Nord kuelekea kaskazini ni Stade de France Saint-Denis. Ukumbini unaweza kufika saa nane na dakika ishirini na tano, ukiwa umeishiwa pumzi kidogo, na hapo ni kama treni haikuchelewa hata dakika moja.

Kurudi ndiko kunakobana. Treni ya 18:12 milango yake inafungwa 17:42. Gare du Nord foleni ni mbili zilizofuatana, ya Wafaransa wanaokutoa na ya Waingereza wanaokuingiza, kwa hiyo unapaswa kuwa stesheni kabla ya saa kumi na moja jioni, maana yake unaaga ukumbini saa kumi na robo. Ulidhani una zaidi ya saa nne Paris. Kwa hakika una saa moja na dakika hamsini za harusi. Kwa desturi zetu huo ni muda wa kumsubiri bwana harusi.

Kwa hiyo mimi ningekushauri ubadilishe ratiba badala ya kubadilisha chombo. Chukua treni inayoondoka London kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, ufike Paris katikati ya asubuhi, usalimiane na watu kwa utulivu, na urudi na treni ya usiku wa mapema, ukiangalia kwanza ya mwisho ya siku hiyo inaondoka saa ngapi. Kama sherehe yenyewe ni ya kuingia usiku, lala Paris. Nauli ya Eurostar hupanda kadiri siku inavyokaribia na kadiri saa inavyopendwa, hivyo tiketi ya kesho yake asubuhi mara nyingine huwa nafuu kiasi cha kukufidia sehemu ya malazi.

Mfanyakazi mwenzako hakukosea kuhusu ndege: kutoka Heathrow hadi Charles de Gaulle ratiba husema kama saa moja na robo. Kosa ni kuhesabu safari kuanzia mlango wa ndege mmoja hadi mwingine. Heathrow iko magharibi mwa London na wewe unalala Barking, mashariki. Kuvuka mji huo ni kama saa moja na nusu. Unatakiwa uwanjani saa mbili kabla. Ukitua, pasipoti inakaguliwa huko huko Ufaransa, na foleni ya wageni haina ahadi. Kisha Charles de Gaulle iko kama kilomita 25 kaskazini-mashariki mwa Paris, nusu saa kwa treni ya RER B hadi Gare du Nord, kabla hujaigeukia Saint-Denis. Nikijumlisha bila uchoyo napata saa sita na nusu, wakati kwa treni ni kama tano. Ningejibu tofauti kama dada yako angekuwa anaishi Hounslow, jirani na Heathrow, na harusi ingekuwa karibu na uwanja wa ndege wa Paris. Mizigo nayo ina neno: Eurostar humruhusu abiria wa kawaida masanduku mawili na begi la mkononi bila kuyapima kilo, jambo ambalo mtu aliyebeba zawadi za harusi atalithamini. Usibebe nyama wala vyakula vya maziwa, kwa sababu tangu 2021 haviruhusiwi kuingizwa na wasafiri kutoka Uingereza kwenda nchi za Umoja wa Ulaya, hata kama ni sambusa za dada.

Kwa shemeji, mpe salamu zangu na umweleze taratibu kwamba ndani ya handaki hakuna barabara. Kuna mahandaki matatu: mawili ya reli na moja jembamba katikati kwa ajili ya huduma na dharura. Gari huingizwa kwenye treni maalumu Folkestone, nanyi mnakaa ndani ya gari lenu kwa dakika 35 mpaka Calais. Kutoka London hadi Folkestone ni kama kilomita 110, zikianza na foleni za mjini. Kisha ukaguzi wa mipaka yote miwili kabla ya kupanda. Kisha kama kilomita 290 za barabara kuu za kulipia hadi Paris, ambako mwendo wa juu ni kilomita 130 kwa saa, na 110 mvua ikinyesha. Katika siku njema ni saa sita, na Mei zimejaa sikukuu za Wafaransa. Atakuwa akiendesha upande wa kulia na usukani ukiwa kulia, akirudi usiku baada ya biriani. Kwenda na kurudi siku moja kwa gari mimi sikushauri kabisa. Kama ni familia ya watu watano na mnalala siku mbili, hapo gari linaanza kuwa na maana, na mnaweza pia kulivusha kwa feri kutoka Dover, saa moja na nusu baharini. Basi la usiku lipo na ndilo la bei ndogo kuliko vyote, ila huchukua saa nane au tisa.

Nimechelewesha kwa makusudi lililo zito. Viza yako ya Uingereza haikufikishi Paris. Uingereza haikuwahi kuwa ndani ya eneo la Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hata ilipokuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, au nchi nyingine yoyote ya jirani zetu anahitaji viza ya Schengen kuingia Ufaransa, hata kwa mlo mmoja wa mchana. Na kwa sababu askari wa Ufaransa wako St Pancras, hutafika hata Paris ukarudishwe. Utageuzwa pale London, tiketi yako ikiwa mkononi.

Ombi hilo hufanywa nchini unakoishi, kwa ubalozi wa nchi unayokwenda, ambayo kwako ni Ufaransa, au katika kituo walichokipa kazi ya kupokea maombi. Usiache ufike London ndipo uanze, kwa sababu kwa kawaida balozi za kule hupokea maombi ya watu wenye haki ya kuishi Uingereza, si wageni wa wiki tatu. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15 kabla. Jibu hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, lakini linaweza kuvutwa hadi 45, kwa hiyo mimi ningeomba miezi mitatu kabla. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau yuro 30,000. Barua ya mwaliko ya harusi, anwani ya ukumbi, na uthibitisho wa kazi yako vitasema zaidi kuliko maelezo marefu.

Viza ya Schengen ya kuingia mara moja inakutosha, kwa kuwa Ufaransa unaingia mara moja tu. Ila kama ndege yako ya kutoka nyumbani inapitia Amsterdam au Frankfurt, usitoke nje ya uwanja, maana kutoka ni kuingia Schengen, na ile mara moja itakuwa imekwisha. Upande wa pili, iangalie viza yako ya Uingereza kama inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Viza ya kawaida ya mgeni huruhusu, lakini isome kwa macho yako, kwa sababu jioni ile Gare du Nord ofisa wa Uingereza atakuhesabu kama mtu anayeingia upya. Jiandae pia kupigwa picha ya uso kwenye mpaka wa Schengen: mfumo wa kuandikisha kwa kompyuta wanaoingia na kutoka ulianza kutumika tarehe 12 Oktoba 2025 ili kuchukua nafasi ya muhuri, na mara ya kwanza huongeza dakika kadhaa. Ndiyo maana zile dakika 90 sizipunguzi.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama uliwahi kunyimwa viza na nchi yoyote, au jina lako kwenye pasipoti halifanani na lile la cheti cha ndoa au barua ya kazi, usijaze fomu peke yako. Kaa na mwanasheria au mshauri wa uhamiaji anayetambulika, mwonyeshe barua ile ya kunyimwa, kwa kuwa kuificha ni kosa kubwa kuliko kunyimwa kwenyewe. Kama unasafiri na mtoto na baba yake habaki pamoja nanyi, ulizia ana kwa ana ubalozini ni ridhaa ipi ya maandishi inayotakiwa na mpaka wa nchi zote mbili. Na kama shemeji atashikilia gari lake, aende kwa wakala wake wa bima aulize kama bima inavuka bahari, na kama gari ni la kukodi, apate ruhusa ya maandishi ya kulitoa nchini.

Anza na viza wiki hii, na tiketi ya treni uinunue aina inayoweza kubadilishwa tarehe mpaka pasipoti irudi mikononi mwako. Siku ya safari, treni ikishaingia gizani baada ya Folkestone, isogeze saa yako ya mkononi mbele kwa saa moja. Usiiachie simu kazi hiyo.